Malkia aliyelelewa na mwalimu

Katikati ya miaka ya 1980, mwalimu wa sanaa katika Shule ya Upili ya Irvington, jimbo la New Jersey nchini Marekani, alimwalika kijana mmoja aje kuwachezea wanafunzi muziki siku ya disko ya shule. Mwalimu huyo aliitwa Rita Owens. Kijana aliitwa Mark James, DJ ambaye mitaani alijulikana kama 45 King kwa ustadi wake wa kuibua midundo mipya kutoka kwa santuri ndogo za zamani. Miongoni mwa wanafunzi waliomkodolea macho akiwa kazini alikuwa binti ya mwalimu mwenyewe, Dana, msichana mrefu, mchezaji wa mpira wa vikapu, ambaye pamoja na wenzake wawili alikuwa ameanzisha kikundi cha kurapu kiitwacho Ladies Fresh. Kazi ya Dana katika kikundi hicho ilikuwa kupiga midundo kwa mdomo. Haikupita muda, akawa mgeni wa kila mara katika chumba cha chini cha nyumba ya akina James, palipokuwa na vyombo vya kurekodia na genge la vijana waliojiita Flavor Unit.

Dunia inamjua binti huyo kwa jina la Queen Latifah. Ni rapa, mwimbaji, mwigizaji aliyeteuliwa kuwania Oscar, mtayarishaji wa filamu na mmiliki wa kampuni. Ninaandika habari zake nikiwa Meru, na nimemtanguliza mama kwa makusudi. Wengi wanaosimulia maisha ya Latifah huanzia kwenye santuri ya kwanza au zulia jekundu la Hollywood. Mimi naona mambo yaliiva mapema zaidi, pale mwalimu alipoamua kwamba muziki ambao watu wazima wengi wa wakati huo waliuona kelele za mitaani ulistahili kuingia katika ukumbi wa shule.

Huku kwetu msichana mwenye kipaji huonekana kwanza shuleni. Aprili 2024, tamasha la kitaifa la drama na filamu la shule na vyuo lilifanyika Embu, na kwa siku kadhaa mji huo ukawa wa wanafunzi kutoka kila pembe ya Kenya waliokuja na michezo ya kuigiza, ngoma, mashairi na masimulizi. Tamasha hili limekuwapo tangu 1959. Limewalea waigizaji, watangazaji, wachekeshaji na waandishi wa nchi hii kwa zaidi ya miaka sitini, na ukiwauliza wengi wao nani aliwasukuma jukwaani, watakutajia mwalimu. Msichana wa Kaaga, wa Chogoria au wa Kyeni anayeghani shairi lenye mdundo mbele ya majaji anafanya kitu kilekile alichokuwa akifanya Dana Owens huko Irvington: anaigiza na kurapu kwa pumzi moja, na hakuna aliyemwambia bado kwamba hizo ni kazi mbili tofauti.

Kinachonihangaisha ni kinachofuata. Kikombe kinapelekwa katika ofisi ya mwalimu mkuu, picha inapigwa, msichana anafanya mtihani wa kidato cha nne, na ule uwezo wa kusimama mbele ya umati na kuushika unaachwa shuleni pamoja na sare. Ndiyo maana maisha ya Latifah yanastahili kusomwa polepole na watu wa huku. Kipaji kipo hapa. Tunachokosa mara nyingi ni yale yaliyokizunguka kipaji chake.

Dana Elaine Owens alizaliwa Newark tarehe 18 Machi 1970. Baba yake, Lancelot, alikuwa afisa wa polisi. Ndoa ya wazazi ilivunjika Dana akiwa bado mdogo, na Rita akabaki na watoto wawili: Dana na kaka yake mkubwa, Lancelot Mdogo, ambaye nyumbani walimwita Winki. Kwa muda waliishi katika nyumba za umma za Hyatt Court, mahali ambapo hakuna mzazi angechagua kulea watoto kama angekuwa na uwezo wa kwenda kwingine. Rita alifanya kazi mchana na kusoma kila alipopata nafasi hadi akawa mwalimu. Mama wengi wa Nkubu, Maua na Runyenjes wanaoamka alfajiri kuchuma majani chai au kupanga nyanya sokoni ili karo ipatikane hawahitaji kuelezewa maisha hayo.

Jina la Latifah alijichagulia akiwa na umri wa miaka minane, yeye na binamu yake wakipekua kitabu cha majina ya Kiislamu. Lile la Malkia aliliongeza baadaye, aliposaini mkataba wake wa kwanza wa muziki. Katika shule ya msingi ya Kikatoliki ya St. Anne alipewa nafasi ya Dorothy katika The Wiz, mchezo wa nyimbo ulioandikwa kwa ajili ya waigizaji weusi, na mtoto huyo akaimba mbele ya wazazi waliojaa ukumbini. Kwa hiyo anayesema kwamba Latifah ni rapa aliyegeuka mwigizaji anasema kweli kwa kufuata kalenda ya kazi zake tu. Kwa kufuata maisha yake, jukwaa la maigizo lilitangulia. Na Desemba 2015, kituo cha NBC kilipoonyesha The Wiz moja kwa moja kwenye televisheni, Latifah alikuwemo, safari hii akicheza nafasi ya mchawi mwenyewe, ambayo kwa kawaida hupewa mwanamume.

Huko Irvington alicheza mpira wa vikapu katika timu iliyotwaa ubingwa wa jimbo, akafanya kazi Burger King kupata pesa za matumizi, na jioni akateremka kwa 45 King. Hapo ndipo aliporekodi wimbo wa majaribio ulioitwa Princess of the Posse. Mark James aliupeleka kwa Fab 5 Freddy, mtangazaji wa kipindi cha Yo! MTV Raps, naye akahakikisha unasikika kwa wakubwa wa kampuni ya Tommy Boy mjini New York. Mwaka 1988 Tommy Boy ikamsaini. Novemba 1989, akiwa na miaka 19, akatoa albamu ya All Hail the Queen.

Nakuomba msomaji usiupite haraka wimbo mmoja katika albamu hiyo, Ladies First, aliomshirikisha rapa wa Uingereza Monie Love. Video yake ilionyesha picha za wanawake weusi waliopigania uhuru, akina Harriet Tubman, Sojourner Truth na Angela Davis. Kisha Latifah anaonekana amesimama kama jemadari mbele ya ramani ya kusini mwa Afrika, akiondoa vinyago vya watawala na kuweka ngumi zilizokunjwa mahali pake, huku picha za maandamano na ukatili wa polisi wa makaburu zikipita. Wakati huo Nelson Mandela alikuwa bado gerezani. Aliachiliwa Februari 1990. Msichana wa miaka 19 kutoka Newark, katika muziki uliotawaliwa na wanaume, alitumia video yake iliyotazamwa na vijana wa Marekani nzima kuwazungumzia Waafrika waliokuwa wakipigwa risasi maelfu ya maili kutoka kwake. Hakuwa ameombwa. Hakukuwa na mfadhili wala kampeni. Aliona wanawake wa bara hili kuwa ndugu zake, akasema hivyo.

Albamu ya pili, Nature of a Sista', ilitoka 1991 na haikuuza kama ilivyotarajiwa. Tommy Boy haikuurefusha mkataba. Kwa wasanii wengi huo ndio mwisho: umri miaka 21, kampuni imekuacha, na vijana wapya wamejaa mlangoni. Latifah alikuwa tayari ameanza kufikiria pesa kwa namna nyingine. Aliwekeza katika biashara ndogo, likiwemo duka la kanda za video, na pamoja na rafiki yake wa tangu shule, Shakim Compere, akaanzisha kampuni ya kusimamia wasanii, wakaipa jina lilelile la genge la chumba cha chini, Flavor Unit. Miongoni mwa waliosimamiwa nayo ni Naughty by Nature, kundi la vijana wa jirani zao wa East Orange ambao wimbo wao O.P.P. ulitikisa dunia mwaka huohuo wa 1991. Hapo ndipo ninapoona tofauti kubwa kati yake na wasanii wengi wa kizazi chake, na wa kwetu pia. Wenzake walisubiri simu ilie. Yeye alinunua simu, akaajiri wa kuipokea.

Mwaka huo pia alianza kuonekana kwenye filamu. Katika Jungle Fever ya Spike Lee alikuwa mhudumu wa mkahawa, nafasi ya dakika chache. Kisha House Party 2, kisha Juice mwaka 1992. Ni nafasi ndogo ambazo mtu mwenye jina lake angeweza kuzikataa kwa kiburi. Alizichukua zote.

Halafu 1992 ikaleta msiba. Winki, kaka yake, ambaye alikuwa amefuata nyayo za baba na kuwa polisi, alikufa katika ajali ya pikipiki. Pikipiki hiyo alikuwa amenunuliwa na dada yake. Latifah amezungumza mara nyingi kuhusu miezi iliyofuata, jinsi alivyozama katika pombe na bangi, na jinsi hatia ilivyomkaba. Alitundika ufunguo wa pikipiki ile shingoni, na wanaotazama vipindi vyake vya miaka hiyo watauona mkufu huo. Sisi wa huku hatuhitaji maelezo marefu kuhusu pikipiki na misiba. Barabara ya kutoka Makutano hadi Maua ina familia nyingi zilizompoteza kijana juu ya bodaboda, wakati mwingine ile aliyonunuliwa na ndugu kwa nia ya kumsaidia ajitegemee. Hatia ya aliyenunua haiandikwi kwenye ripoti ya polisi, lakini ipo, na watu wanaishi nayo.

Kilichomtoa humo ni kazi. Alisaini na kampuni ya Motown na mwaka 1993 akatoa albamu ya Black Reign, akaiweka iwe kumbukumbu ya kaka yake. Ndani yake kulikuwa na U.N.I.T.Y., wimbo unaomzungumzia mwanamke anayeguswa mwili na mwanamume asiyemjua akitembea barabarani, anayepigwa na mpenzi wake nyumbani, na wasichana wanaoiga ukali wa magenge. Latifah aliyakemea matusi ambayo marapa wanaume waliyazoea kuwaita wanawake, na akayakemea kwa midundo ambayo wanaume haohao waliicheza redioni na vilabuni. Mwaka 1995 wimbo huo ulimpa tuzo ya Grammy ya rapu bora ya msanii mmoja.

Januari 2024, wanawake wa Kenya walipoandamana Nairobi na katika miji mingine kupinga mauaji ya wanawake, mabango yaliyobebwa yalikuwa na hoja ambazo Latifah alizitoa miaka thelathini nyuma: mtaani nina haki ya kupita, nyumbani nina haki ya kulala salama. Nimesikia watu wazima wakisema rapu inaharibu wasichana. Ningewaomba wausikilize wimbo huu mmoja, neno kwa neno, wakiwa na binti zao sebuleni.

Agosti 1993, miezi michache kabla ya albamu hiyo kutoka, kituo cha Fox kilianza kuonyesha kipindi cha Living Single. Mtunzi wake, Yvette Lee Bowser, alikuwa mwanamke mweusi wa kwanza kubuni na kuongoza tamthilia yake mwenyewe katika saa za usiku zenye watazamaji wengi nchini Marekani. Latifah alicheza Khadijah James, mmiliki na mhariri wa jarida liitwalo Flavor, anayeishi Brooklyn na marafiki zake, anahangaika na malipo ya wafanyakazi, anapenda, anakosea, anacheka. Hakuwa yaya wa mtu, wala jirani mcheshi anayepita kuchekesha na kuondoka. Kipindi kilidumu hadi Januari 1998. Friends, ambacho kinafahamika zaidi duniani na kinachofanana nacho kwa mambo mengi, kilianza mwaka mmoja baadaye. Latifah amesimulia kwamba amri ilishuka kutoka juu ikitaka waigizaji wa Living Single wapunguze uzito, nao wakaipuuza kwa sababu walitaka wanawake wa kawaida wajione kwenye skrini walivyo.

Jambo ninalolipenda kuliko yote kuhusu kipindi hicho ni dogo. Khadijah alipohitaji mama katika hadithi, nafasi ya mama ilichezwa na Rita Owens. Mwalimu wa sanaa wa Irvington akawa mwigizaji mbele ya kamera za Hollywood, akimgombeza binti yake kwa maneno yaliyoandikwa na mtu mwingine.

Uigizaji wake ulipata uzito mwaka 1996 katika Set It Off, filamu ya F. Gary Gray kuhusu wanawake wanne wa Los Angeles ambao umaskini na dhuluma vinawasukuma kuiba benki. Latifah ni Cleo, mkali kuliko wote, anayependa wanawake, anayependa magari, asiye na mahali pa kukimbilia. Msanii mwenye jina na biashara angeogopa kuchukua mhusika kama huyo miaka hiyo. Yeye alimchukua bila kumlainisha, na mtazamaji anaishia kumlilia mwizi. Kwa maoni yangu hiyo bado ni kazi yake bora ya filamu, hata kama tuzo zilikuja kwa nyingine.

Miaka iliyofuata naipita kwa haraka: Living Out Loud ambamo alicheza mwimbaji wa jazi, The Bone Collector, kipindi chake cha mazungumzo kuanzia 1999, kitabu cha maisha yake mwaka huohuo. Kisha ikaja Chicago mwaka 2002, filamu ya nyimbo ambamo alikuwa Mama Morton, mkuu wa gereza la wanawake anayeuza kila upendeleo kwa bei yake. Uteuzi wa Oscar ulipotangazwa mwaka 2003, Latifah alikuwa mwanarapu wa kwanza wa kike kuwania tuzo hiyo kwa uigizaji. Aliyeshinda ni mwenzake wa filamu hiyohiyo, Catherine Zeta-Jones, na usiku ule wawili hao waliimba pamoja jukwaani, Zeta-Jones akiwa na mimba kubwa. Chicago ikatwaa tuzo ya filamu bora ya mwaka.

Wachache huku kwetu wanaijua Living Single. Lakini watoto wengi wa Meru wamesikia sauti ya Latifah bila kujua ni yake, kwa sababu ndiye Ellie, yule tembo wa kale mwenye manyoya katika katuni za Ice Age kuanzia ile ya pili ya 2006. Mwaka huohuo wa 2006, mwezi Januari, jina lake liliwekwa kwenye njia ya nyota ya Hollywood, msanii wa kwanza wa hip hop kupata heshima hiyo.

Je, sisi tuna nani? Swali hilo huulizwa kila habari za Latifah zinapozungumzwa, na jibu lake si fupi. Upande wa rapu tuna Nazizi, aliyeanza kurekodi akiwa msichana wa shule na baadaye akang'ara na Wyre katika Necessary Noize, hadi Wakenya wakamwita mama wa kwanza wa hip hop nchini. Tuna Stella Mwangi, mzaliwa wa Nairobi aliyekulia Norway na kuiwakilisha nchi hiyo kwenye shindano la Eurovision mjini Düsseldorf mwaka 2011 kwa wimbo Haba Haba. Tuna Femi One, ambaye kibao chake Utawezana na Mejja kilisambaa kila simu ya Kenya mwaka 2020. Hawa wamebaki zaidi katika muziki. Waliovuka kuingia kwenye maigizo wametoka upande wa uimbaji: Valerie Kimani, mshindi wa kwanza wa Tusker Project Fame mwaka 2006, na Avril, wote walioigiza katika Shuga ya MTV mwaka 2009, tamthilia ileile iliyomwonyesha Lupita Nyong'o kabla ya dunia kumjua. Sanaipei Tande alijulikana kupitia Coca-Cola Popstars mwaka 2004 na baadaye tukamwona akitawala skrini katika tamthilia ya Kina.

Shuga ilihusu vijana wa Nairobi na virusi vya Ukimwi, na hapo njia za bara hili na za Latifah zinakutana bila mtu kupanga. Miaka miwili kabla yake, mwaka 2007, Latifah aliigiza katika Life Support, filamu ya HBO kuhusu mama wa Brooklyn anayeishi na virusi, aliyeacha dawa za kulevya, na sasa anapita mitaani akiwafundisha wenzake kujikinga huku akijaribu kurudisha imani ya binti yake. Kazi hiyo ilimpa tuzo ya Golden Globe. Hakuna vazi la kifahari ndani yake, wala wimbo. Kuna mwanamke aliyechoka anayebeba mfuko wa kondomu na vipeperushi. Wahudumu wa afya ya jamii wanaopita kijiji hadi kijiji Igembe na Mbeere wangemtambua mara moja.

Kwa nini wa kwetu wachache wanavuka? Nina mawazo yangu. Rapa wa kike Kenya hulipwa kwa shoo, na shoo ikikosekana hakuna malipo. Hana muda wa kwenda kufanya majaribio ya uigizaji ambayo huenda yasizae kitu. Maigizo yamejikusanya Nairobi, na msichana wa Mikinduri anahitaji nauli, malazi na mtu wa kumwamini mjini kabla hajasoma hata ukurasa mmoja wa mswada. Lakini naona pia kwamba hakuna aliyemfundisha msichana huyo kwamba meneja, mkataba na hakimiliki ni sehemu ya sanaa. Muuga FM na Wimwaro FM zinacheza nyimbo za watu wa huku kila siku, vipaji vinasikika. Flavor Unit ya Meru, chumba chenye vyombo na vijana kumi wanaosukumana na kusimamiana, ndiyo ambayo sijaiona ikidumu.

Subira nayo ina nafasi yake. Mapema miaka ya 1990, Latifah alikuwa msichana wa miaka ishirini na kidogo alipoitwa kwa mara ya kwanza kujaribu nafasi ya Bessie Smith, malkia wa muziki wa bluzi wa miaka ya 1920. Filamu haikutengenezwa. Alikaa na ndoto hiyo zaidi ya miaka ishirini. Mwaka 2015 HBO ikaonyesha Bessie, iliyoongozwa na Dee Rees, Latifah akiwa mwigizaji mkuu na mmoja wa watayarishaji, na ikashinda Emmy ya filamu bora ya televisheni. Kama angeicheza akiwa msichana, angekuwa amealikwa katika hadithi ya mtu mwingine. Kuchelewa kulimpa nguvu ya kukaa kwenye meza ya wenye kuamua.

Kati ya ushindi huo wote, nyumbani kulikuwa na uuguzi. Mwaka 2004 Rita alizirai akiwa shuleni Irvington, ambako bado alikuwa akifundisha ingawa binti yake alikuwa tajiri wa kutosha kumstaafisha mara kumi. Madaktari waligundua kwamba moyo wake umeanza kushindwa kazi. Kwa zaidi ya miaka kumi Latifah alipanga ratiba za filamu kwa kufuata hali ya mama yake, akajiunga na kampeni za Shirika la Moyo la Marekani kueleza dalili za ugonjwa huo, na hakuficha kwamba kumuuguza mzazi kunachosha mwili na roho. Rita alifariki Machi 2018.

Februari 2021, kituo cha CBS kilianza kuonyesha The Equalizer, tamthilia iliyokuwa ya mwanamume katika miaka ya 1980 na baadaye ikawa filamu za Denzel Washington. Safari hii mhusika mkuu alikuwa Robyn McCall, mama anayemlea binti peke yake, jasusi wa zamani anayewasaidia wasio na wa kuwatetea. Latifah alikuwa na miaka hamsini, mwanamke mweusi mwenye umbo la wanawake wengi wa kawaida, akikimbiza wahalifu kila Jumapili usiku. Flavor Unit ilikuwa miongoni mwa kampuni zilizoitayarisha, na kipindi kikafika msimu wa tano kabla ya kusitishwa mwaka 2025.

Heshima kubwa za taifa lake zilimfikia 2023. Aprili mwaka huo Maktaba ya Bunge la Marekani iliiweka All Hail the Queen katika hifadhi yake ya rekodi zenye thamani kwa taifa, na Desemba akapokea heshima za Kituo cha Kennedy mjini Washington, rapa wa kwanza wa kike kufika hapo. Huko Newark, kampuni yake na washirika wake wameingia katika ujenzi wa nyumba za makazi, baadhi zikiwa za kodi nafuu kwa watu wa kipato cha chini.

Turudi kwetu. Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 waliingia shule za upili za juu nchini Kenya, na mmoja kati ya mikondo mitatu waliyopewa kuchagua ni wa sanaa na michezo. Huku Meru bado nasikia wazazi wakiuita mkondo wa walioshindwa na hesabu. Kuna baba ambaye leo jioni atamkataza binti yake kuuchagua, na kuna mwalimu wa drama ambaye Jumatatu angeweza kumpigia baba huyo simu, akamweleza ni kazi gani zilizopo, nani huzilipa, na shule ina vyombo gani vya kurekodia. Na kama shule haina, bodi yake inaweza kuanza kuvinunua muhula huu.